Uso wa Komeo

Kila siku baada ya masomo, Chiriku alipitia studio ya mama yake mdogo kabla ya kwenda nyumbani. Jina hilo la Chiriku alipewa na wenzake darasani kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Akifika studio alivua viatu, akafagia, akapangusa vumbi kwenye kamera na taa, kisha akavuta kigoda hadi mbele ya kompyuta. Hapo ndipo mdomo wake ulipopumzika.

Mama Mdogo alikuwa amemfundisha kutumia programu ya kurekebishia picha. Ilikuwa programu huria, yaani ya bure, iliyotengenezwa na watu wa nchi mbalimbali waliojitolea. Yeyote aliyegundua hitilafu aliweza kuwaandikia, nao wakaitafuta na kuiondoa. Kamera ya studio ilitoa picha ambazo Mama Mdogo aliziita "mbichi".

"Picha mbichi ni kama unga," alipenda kusema. "Kila kitu kimo, ila hujapika. Mwanga ukizidi, unaupunguza. Kivuli kikizidi, unakiinua. Taa ikitia umanjano, unauondoa. Na ukiharibu usilie, maana ile mbichi yenyewe haiguswi. Unarudi mwanzo."

Muhula ule timu ya mpira wa pete ya shule yao ilitwaa kikombe. Mama Mdogo aliitwa kuwapiga wachezaji picha ambayo ingechapishwa kubwa na kutundikwa ukumbini siku ya wazazi. Akawapanga chini ya upenu wa darasa. Pembeni kabisa alisimama rafiki mkubwa wa Chiriku, msichana mrefu, mweusi tii, ambaye shule nzima ilimwita Komeo, kwani akilinda goli hakuna mpira uliopenya. Siku hiyo Komeo alicheka mpaka jicho moja likafumba.

Kesho yake Mama Mdogo alikuwa na kazi ya harusi upande wa pili wa mji.

"Anza kuirekebisha ile ya timu," alimwambia Chiriku. "Lakini usiipeleke kwa mchapaji kabla sijaiona. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Mama Mdogo."

Mwanzoni kazi ilikwenda vizuri. Anga nyuma ya wachezaji lilikuwa jeupe mno. Chiriku akapunguza mwanga, mawingu yakajitokeza. Akainua vivuli, nyuso zikaonekana. Jezi zilizofifia akaziongezea rangi kidogo, zikawa nyekundu kama zilivyo. Ikabaki ile pembe aliyosimama Komeo, ambako kivuli cha ukuta kilikuwa kizito. Kukiondoa taratibu kulihitaji subira, na Chiriku alitaka kumaliza.

Akauzungushia uso wa Komeo mstari, akaongeza mwanga hapo tu. Uso ukang'aa. Akaongeza tena. Akakumbuka wasichana wa kwenye mabango ya mafuta ya kujipaka, ngozi zao kama ganda la yai. Akapunguza weusi wa ngozi, akalainisha mashavu, akaegemea nyuma kutazama kazi yake.

"Atapendeza huyo!" alijisemea. "Atanishukuru mwenyewe."

Kichwa kikamvimba. Mama Mdogo alipochelewa kurudi, Chiriku akaituma picha kwa mchapaji. Jioni alipoulizwa, alijibu haraka, "Nimeshaituma, Mama Mdogo, nisije nikatuchelewesha. Imetoka safi, utaona!" Mama Mdogo aliguna. Alikuwa hoi kwa uchovu, na mchapaji alikuwa ameshaianza kazi.

Siku ya wazazi ukumbi ulijaa. Mwalimu mkuu alivuta kitambaa kilichofunika picha, watu wakapiga makofi, kisha makofi yakafifia kama mvua inayokatika. Ndipo kicheko cha kwanza kikatoka nyuma.

"Komeo kapakwa unga!"

"Siyo unga, huo mzimu!"

Kwenye kompyuta ndogo haikuwa imeonekana hivyo, lakini ukutani kila mtu aliona. Shingo ya Komeo ilikuwa nyeusi, mikono yake ilikuwa nyeusi, na juu yake umebandikwa uso uliopauka, hauna hata kikunjo cha kicheko. Baba yake Komeo, ambaye alikuwa seremala, alisogea mbele akaitazama picha kwa karibu.

"Shingo hii ni ya mwanangu," alisema polepole. "Mikono ni yake. Uso ni wa nani?"

Hakuwa akitania. Komeo aliinamisha kichwa, akapenya katikati ya viti, akatoka nje.

Chiriku alitamani ardhi ipasuke immeze. 

"Nani aliyeirekebisha picha hii?" aliuliza mwalimu mkuu.

"Mimi, Mwalimu," Chiriku alijibu, na kabla hajajizuia, maneno mengine yakafuata. "Lakini kosa ni la ile programu. Ni ya bure, kwa hiyo huwa inapausha nyuso yenyewe."

"Ndiyo mambo ya vya bure hayo," alinong'ona mzazi mmoja, wengine wakaitikia kwa vichwa. "Mwakani wawaite watu wenye vifaa vyao."

Mama Mdogo akasimama. Alikunja mikono kifuani kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. "Picha imetoka studio kwangu, kwa hiyo kosa ni langu," alisema. "Niwie radhi, Baba Komeo. Niwieni radhi wazazi wote. Nitaleta nyingine."

Kumwona Mama Mdogo akijishusha mbele ya watu kulimchoma Chiriku kuliko vicheko vyote. Hata hivyo hakukiri. Njia nzima ya kurudi alitembea nyuma, macho chini.

Walipofika studio Mama Mdogo aliwasha kompyuta, akaanza kuandika.

"Unamwandikia nani, Mama Mdogo?"

"Waliotengeneza programu. Kama inapausha nyuso za watu weusi, hilo ni jambo zito. Lazima waambiwe."

"Watafanya nini?"

"Wataitafuta hitilafu. Wana kazi zao hao, lakini wataziweka kando. Watatafuta mpaka waipate."

Chiriku aliwaona akilini, watu asiowajua, waliomtengenezea kitu kizuri bila kumdai asante, wameinama wakitafuta kosa ambalo halipo. 

"Na kama haipo?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Vidole vya Mama Mdogo vilisimama. Hakugeuka.

"Usiitume barua hiyo," Chiriku alisema, na machozi yakaanza kumtoka. "Programu haina kosa. Ni mimi. Niliung'arisha uso wa Komeo kwa makusudi, nikaituma picha bila wewe kuiona, halafu nikadanganya."

 Mama Mdogo akafuta yale aliyoandika.

"Kwa nini yeye peke yake?"

"Nilitaka apendeze."

"Kwani alikuwa hapendezi?"

Swali hilo lilimwaibisha Chiriku zaidi.  Akajifunika uso kwa viganja.

"Siyo mimi unayepaswa kuniomba radhi kwanza," Mama Mdogo alisema. "Nenda kwa Komeo."

Uani kwa seremala kulinukia mbao mbichi. Baba yake Komeo alikuwa akipiga randa; aliitikia shikamoo ya Chiriku kwa utulivu, akamwonyesha kwa kidevu alipo mwanawe. Komeo alikuwa amekaa juu ya mbao, akisugua mguu wa kiti kwa msasa. Chiriku alimweleza yote, bila kujitetea.

"Wale waliocheka sina habari nao," Komeo alisema bila kuinua macho. "Lakini wewe ni rafiki yangu. Kila siku ukinitazama, ulikuwa unaona kitu cha kurekebisha?"

"Hapana. Nilikuwa nimeyatazama mabango kuliko nilivyokutazama wewe. Nisamehe, Komeo."

Msasa uliendelea kusugua. "Bado nina hasira."

"Najua. Kesho nataka kuirudia ile picha. Ukija, utaniambia wewe mwenyewe ulivyo."

 Kesho yake Komeo alifika studio, na baba yake alikuja naye.

Chiriku aliifungua upya ile picha mbichi. Kila kitu kilikuwamo. Safari hii hakuukata uso peke yake. Aliinua kivuli cha ukuta, uso, shingo na mikono kwa pamoja, kidogo kidogo.

"Punguza!" Komeo alisema. "Hapo nimekuwa kama niliyeoga maziwa."

Akapunguza.

"Bado kidogo," alisema baba yake. "Rudi... Hapo. Simama hapo hapo."

Kwenye kioo cha kompyuta alikuwapo msichana mweusi tii, jasho likimeremeta kwenye paji la uso, anacheka jicho moja limefumba.

"Huyo," alisema seremala. "Huyo ndiye mwanangu."

Picha mpya ilitundikwa mbele ya shule nzima. Kabla watu hawajatawanyika, Chiriku aliomba ruhusa ya kusema.  "Programu haikukosea, wala Mama Mdogo hakukosea," alisema. "Nilikosea mimi, kisha nikawadanganya." Mtu alicheka, na Chiriku aliacha acheke.

Aliposhuka jukwaani, Mama Mdogo alimwekea mkono begani.

"Kazi yetu ni kuondoa kinachomficha mtu, ili aonekane alivyo," alimwambia. "Ukianza kumwondoa mtu mwenyewe, huo siyo ufundi tena, ni uongo. Na uongo hauzai mmoja. Ulidanganya kwa rangi, ikakubidi udanganye kwa mdomo. Kukosea kazi hakumwaibishi fundi, mwanangu. Kinachomwaibisha ni kumtwika mwingine kosa lake. Leo umelitua pale linapostahili."

Chiriku alifuta macho, akatafuta pa kukaa. Viti vilikuwa vimejaa. Kwenye benchi la wachezaji, Komeo alimtazama kitambo, kisha akajisogeza pembeni, akampa nafasi.