Siku Kumi na Moja Nje ya Geti la Wifi

"Umetoka darasani kwa watoto wenye mafua, halafu unataka kuingia chumbani kwa mgonjwa?"

Wifi alikuwa ndani, mimi nje, geti limeachwa wazi upana wa kiganja. Nikampa hotpoti ya mayai na maharage. Akapokea, akafunga.

Mume wangu ni fundi wa kunyoosha bodi za magari. Saratani ilionekana kwenye pafu la kulia ikiwa bado ndogo, daktari akasema itakatwa. Alitupa wiki tatu za kuuandaa mwili: ale vizuri, alale, atembee kila siku, asiguse sigara, akae mbali na wenye mafua. Wifi, dada yake aliyemlea tangu mama yao alipofariki, akaling'ang'ania hilo la mwisho. Mimi nafundisha chekechea. Akaomba amchukue kwake, nami nilikubali kwa mdomo wangu mwenyewe.

Siku ya tatu simu ya mume wangu ikaacha kupokelewa. Ukaja ujumbe: "Usije. Nataka kupumzika."

Nikaandika: "Nimekukosea nini?"

Kimya. Hata hivyo kila jioni nilipika, nikapeleka, nikarudi na hotpoti ya jana. Siku kumi na moja.

Siku ya kumi na mbili nesi wa kliniki akanipigia, maana namba yangu ndiyo iliyokuwa kwenye faili. Akaniambia mgonjwa amepungua kilo tano na upasuaji umesogezwa mbele. Niliomba ruhusa kazini, nikavaa barakoa, nikaenda huko kliniki.

Nilimkuta kwenye benchi la kliniki, shati linamning'inia kama limeanikwa kambani. Akaniona, akageuza uso.

"Umefuata nini? Si ulimwambia dada umechoka kuuguza?"

 Sikubishana. Nilifungua simu nikampa asome ule ujumbe wa kunizuia nisije. Alisoma polepole, akarudia.

"Huu ujumbe sikuuandika mimi," akasema. "Simu anakaa nayo dada. Alisema inanichosha."

Wifi alikuwa pembeni yake, anatazama sakafu.

Tukaitwa ndani. Daktari akauliza mgonjwa anakula nini. Wifi akajibu kwa kujiamini kwamba anampa unga wa mizizi wa kuongeza kinga mara tatu kwa siku, na juisi. Mayai, samaki na nyama alivifuta, alisikia vinalisha saratani. Na chakula changu? Alikuwa anawapa majirani.

Daktari akaweka kalamu chini.

"Mama, kinga ya mwili haijengwi kwa njaa. Nikimpasua hivi alivyo, kidonda kitafunga kwa nguvu gani? Na huo unga sijui una nini. Unaweza kumfanya avuje damu kwenye meza ya upasuaji. Uache leo."

Wifi akaanza kulia, akasema yeye ndiye aliyemlea, anajua kinachomfaa.

"Ulimlea, na nakushukuru," nikamwambia. "Ungenizuia kwa sababu ya mafua ningekuelewa. Lakini ulimwambia mume wangu kwamba nimemkimbia. Hiyo ni kinga ya ugonjwa gani?"

 Mume wangu akainuka, akashika bega langu.

"Nirudishe nyumbani," akasema.

Niliomba likizo. Tulianza na mayai mawili asubuhi, samaki mchana, maharage jioni, na matunda. Tulitembea hadi karakana yake na kurudi, kwanza akipumzika mara nne njiani, baadaye mara moja. Kila saa alivuta pumzi ndefu kama alivyoelekezwa, mimi nikihesabu. Kilo tatu zikarudi. Daktari akapanga tarehe.

Upasuaji ulichukua saa nne. Daktari alitoka akasema uvimbe wote umetoka, kilichobaki ni kufuatilia vipimo.

Siku ya tatu baada ya upasuaji wifi akaja wodini. Nilimwamkia, maana ni mkubwa wangu. Kiti sikumpa. Akasimama miguuni pa kitanda, akaomba msamaha kwa sauti ya chini, kwanza kwa mdogo wake, kisha kwangu. Nikamwambia ukweli: bado sijaweza, anipe muda.

Mume wangu akasogeza miguu taratibu, dada yake akapata pa kukaa.  Hasira yangu ilikuwa haijaisha, lakini mkono wa mume wangu ulikuwa ndani ya wangu, una joto, na kifua chake kilikuwa kinapanda na kushuka.