Geji ya Dada Mkaguzi

Duka la vifaa vya ujenzi lilijaa watu hadi mlangoni, na tepu nyeupe ya kuzungushia nyuzi za mabomba ilibaki moja tu kwenye boksi. Mikono miwili ikaifikia kwa pamoja. Mmoja ulikuwa wa dada mkaguzi wa gesi, ndani ya ovaroli ya buluu iliyonyooshwa kwa pasi na kilemba cha njano. Mwingine ulikuwa wa fundi bomba mrefu, nyusi zimejaa vumbi la saruji.

"Chukua wewe, dada. Mimi nitaziba kwa mate."

"Thubutu! Kazi yangu ni kukagua, nitakukamata."

"Basi naziba kwa mate makusudi, uje."

Dada akacheka, akamwachia tepu, na namba ya simu pia. Wiki tatu zikapita wakipigiana asubuhi na jioni.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula, ila sijashiba sauti yako."

"Muongo mkubwa wewe!"

Wiki ya nne dada akapangiwa kukagua nyumba ya mama mdogo wake fundi. Fundi mwenyewe ndiye aliyelaza bomba la gesi hadi jikoni, nyuma ya vigae vipya vinavyong'aa. Dada akafunga koki zote, akaunganisha geji yake ya kupimia shinikizo kwa mpira wake, akajaza upepo kwa pampu, akatazama saa. Robo saa nzima mshale haupaswi kusogea. Ukasogea. Akapaka povu la sabuni kila kiungo kinachoonekana, wala hakikutoka hata kiputo kimoja.

"Linavuja ndani ya ukuta. Vunja vigae."

"Hebu kagua tena, mpenzi wangu."

"Kazini mimi si mpenzi wako."

Mama mdogo akashika kiuno. "Mwanangu, ndiyo kazi gani hii umenifanyia?"

Uso ulimshuka fundi, akaokota nyundo. Tangu siku hiyo hakupokea simu.

Siku ya tatu, katika nyumba nyingine kabisa, mshale ukashuka vilevile, polepole vilevile. Dada akaingiwa na wasiwasi. Akapaka povu mahali ambapo hakuwahi kupapaka hata siku moja: shingo ya mpira wake mwenyewe, pale unapoingia kwenye geji. Mapovu madogo madogo yakachemka.

Miaka yote hiyo amekagua viungo vya watu, vyake hajavigusa! Angeweza kubadilisha washa, kile kipete cha kuzibia kiungo cha mpira, akanyamaza, na nani angejua? Lakini fundi wake angebaki akiamini kwamba yeye mwenyewe hajui kazi. Akampigia. Simu ikaita hadi ikakatika. Basi akaenda.

Mama mdogo akafungua mlango. "Umekuja kuvunja na choo?"

"Nimekuja kuomba radhi, mama. Bomba lako ni zima. Kilichovuja ni geji yangu."

Mama mdogo akamtazama juu hadi chini. "Kaseme jikoni hayo."

Fundi alikuwa amekaa sakafuni katikati ya vipande vya vigae. Dada akarudia yote, bila kupunguza neno.

"Siku tatu natafuta tundu lisilokuwepo," fundi akasema taratibu. "Nilidhani mikono imesahau kazi."

"Nisamehe. Vigae nitanunua, na nitavibandika mwenyewe."

"Wewe? Vitakaa upande kama meno yangu."

Wote wawili wakacheka. Dada akafunga geji yenye washa mpya kwenye bomba, akaipaka povu kwanza, kisha akajaza upepo. Wakakaa bega kwa bega, maana mshale hauachwi peke yake.

"Macho yako mekundu. Ulilia?" fundi akauliza.

"Nilikata kitunguu."

"Siku tatu, kitunguu kimoja?"

Dada akamfinya. Dakika ya kumi, fundi akakohoa.

"Nikikuoa, utanikagua na nyumbani?"

"Kila siku. Na nikikosea nitakwambia, kama leo."

"Basi nakuoa."

"Mbona hujaniuliza?"

"Nakuuliza. Utakubali?"

"Ngoja dakika tano ziishe. Nikijibu sasa nitaruka, nipige bomba teke."

Fundi akangoja, jasho likimtiririka kuliko siku ya mtihani. Mshale haukutikisika. Dada akaandika "salama", akatia sahihi, akafunga kalamu, ndipo akamgeukia.

"Ndiyo."

Mama mdogo, aliyekuwa akijifanya anafagia nje ya mlango, akatupa fagio akapiga vigelegele.