Tulivyomlilia Canio Akiwa Hai

Jioni ile nilitoka na viti viwili kichwani, maana kwenye ukumbi wa padri kila mtu huja na kiti chake. Filamu yetu ilikuwa imefika. Mume wangu Canio alinifuata nyuma, anapiga mluzi.

Mwaka uliotangulia, bwana mmoja wa Roma alipanda mlimani kwetu na kamera. Alitaka mazishi. Canio akalala jenezani, sisi wanawake waombolezaji tukamzunguka. Kwetu maiti huitwa jina lake mara tatu, roho ijue njia. Nikataka kutaja jina la uongo.

"Hapana, mama," yule bwana akasema. "Nataka ukweli."

Nikamwita Canio. Mara tatu. Nikalia kweli.

Ukumbini watu walikoroma. Kondoo wakipita kwenye filamu robo saa nzima, nani asisinzie? Jeneza lilipotokea, wakaangua kicheko.

"Canio, amka ukachunge mbuzi!"

"Nichungie wewe, mimi si nimekufa!" Canio akajibu.

Hapo nikasikia harufu ya nta... Mshumaa haukuwepo.

Mkono wa Canio ulikuwa baridi.

Bi Mariantonia, mwombolezaji mkongwe, akaninong'oneza: "Wakicheka, salama. Wakimlilia huko..."

"Huko wapi?"

"Popote wanapoionyesha."

Basi nikawa naomba filamu isipendwe popote. Huko Roma ilionyeshwa siku nne tu. Watu wakazomea, wakatoka. Padri akanisomea gazeti: inachosha kuliko Kwaresima. Nikalibusu lile gazeti. Canio akanenepa.

Majani yalipoanza kupukutika, Jumapili moja, saa kumi na moja jioni, Canio alikuwa anakata mkate.

Kisu kikasimama.

Barua ya yule bwana ilifika baadaye, imejaa furaha. Filamu ilionyeshwa mjini Torino, Jumapili ile ile, saa ile ile. Ukumbi mdogo, watu tisa.

Wote walilia.

Canio hakuanguka. Yupo pale mezani. Hapumui. Macho wazi.

"Nililie, mke wangu," ananong'ona, na midomo haisogei. "Nipate kwenda."

Nafungua mdomo... Kimya. Nimekata vitunguu, wapi. Hata huzuni siisikii.

Bi Mariantonia alikuja, akamtazama, jicho kavu.

"Mtu ana kilio kimoja, mwanangu. Cha huyu kimekwisha."

Kila jioni namwekea supu. Inapoa. Naosha sahani.