Gundi Kwenye Tangi la Wakarima

Bomba lilipasuka pale mtaani Lindi watu wakiwa wamepanga foleni na mitungi yao, na maji yote yakammwagikia Adhis. Alikuwa amevaa rinda lake la manjano, lile la kanisani.

"Wee! Umeniharibia nguo!"

"Pole, jaber, mrembo wangu," alimjibu fundi aliyekuwa analitengeneza, amepiga magoti matopeni, msumeno mkononi. "Niambie unakaa wapi nikuletee sabuni."

Sabuni aliileta kweli, na mandazi juu yake. Kabla ya msimu wa mvua kuisha, mtaa wao wote wa Gatwekera ulijua kuwa fundi Oyoo ni wa Adhis, na kwamba Adhis hagawani mtu wake na yeyote, hata salamu.

Tabu ilianzia Kawangware. Wakarima, mwenye ploti ya vyumba vya kupanga na hoteli ya nyama choma, mjane wa kucha nyekundu, alitaka tangi la samaki wa mapambo pale mlangoni. Kazi ya mabomba akampa Oyoo. Oyoo akawa haishi kwenda huko.

"Hayo mabomba si uyatie gundi umalize?" Adhis alimuuliza.

"Kwa pampu siwezi. Hapo naweka yunioni, ile ya kuunga mabomba kwa kuzungusha na mkono. Pampu ikichoka unafungua, unaweka ingine. Ukitia gundi, itabidi ukate bomba."

"Kwa hivyo lazima urudi kwake."

"Eeh, lazima."

Basi! Neno hilo lilimchoma Adhis kuliko kaa la moto. Kesho yake alijipaka rangi ya mdomo, akambebea Oyoo chakula mpaka Kawangware. Tangi lilikuwa bado kavu. Wakarima alikuwa anacheka, anampangusa Oyoo vumbi begani, polepole, kama mtu asiye na haraka ya kumaliza.

Wawili hao walipotoka kwenda kuangalia tenki la maji juu ya paa, Adhis alichukua kopo la gundi kwenye mkoba wa Oyoo. Alifungua yunioni moja moja, akapaka gundi pale zinapozungushwa, akazikaza kwa wivu wake wote. Sasa atarudi kufanya nini?

Tangi likajazwa, samaki wakaletwa, wakapendeza. Siku moja Oyoo akampigia Adhis kwa simu ya dukani kwa jirani.

"Jaber, pampu imekufa na yunioni zimekataa kufunguka! Nakata mabomba. Leta mabeseni yote, samaki wanakufa!"

Alifika akihema. Sakafu ya hoteli ilikuwa imejaa maji. Wakarima, sketi ameikunja magotini, alikuwa anaokota samaki kwa mikono. Oyoo alikuwa amekodolea macho kipande cha bomba.

"Nani ametia gundi hapa?"

"Si wewe ndiye fundi?" Wakarima alifoka. "Na kile chumba cha nyuma, chenye mfereji wa maji ndani, sahau! Kila siku unanisumbua, 'Mama, mimi na Adhis wangu tutahamia lini?' Kumbe kazi hujui!"

Adhis aliyaweka mabeseni chini.

"Ni mimi, Mama. Mimi ndio nilipaka. Nilidhani anarudi juu yako."

"Juu yangu? Huyu?" Wakarima alimnyooshea Oyoo samaki kama kidole. "Kai!"

Oyoo hakucheka. Alimpa Adhis msumeno.

"Kata."

Alikata mpaka viganja vikatoka malengelenge. Oyoo aliunga mabomba mapya, na mwishowe akamwekea yunioni ya mwisho mkononi.

"Funga. Na mkono tu."

"Chumba kimeenda?"

"Kimeenda."

"Na mimi?"

Oyoo alijipangusa maji mikononi, hasira ikiwa bado machoni.

"Wewe nitakuoa huko huko Gatwekera, mabati yavuje yasivuje. Lakini gundi yangu usiguse tena."

"Na pampu ikikufa?"

"Tutakuja wawili."

Adhis alicheka huku analia, akaifunga yunioni. Kisha akainuka, akaenda kusimama katikati ya Oyoo na Wakarima.