Seva Iliyoitikia Kila Jina

Harufu ya nta inayoungua ilianza adhuhuri, katika ofisi isiyo na jiko wala mshumaa. Kulwa aliinusa kabla ya bosi wake, Sabiri, na hasira zikampanda, maana alishasema.

Ofisi ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba kongwe mjini Tabora, kando ya njia ya zamani ya misafara. Humo Kulwa alitengeneza tovuti ya wafuga nyuki wa Ipole. Kazi ya seva, kompyuta iliyobeba tovuti hiyo, ilikuwa nyepesi: mgeni akitaja ukurasa wa asali, anapewa; akitaja ukurasa usiokuwepo, anaambiwa haupo. Sabiri, mjuaji wa kila kitu, hakutaka. Alidai jibu hilo linafukuza wateja. Akaamuru jina lolote litakalotajwa, liwepo lisiwepo, seva iliitikie na kufungua ukurasa wa mbele.

Kulwa alimweleza alivyolelewa mtaani Cheyo na mama yake, Mwanajuma: ukiitwa jua la utosi, nta inanuka na humwoni anayekuita, nyamaza, maana njia ile ina wapitaji ambao hawakufika walikokuwa wakienda, nao wanatafuta sauti ya kuvaa. Sabiri alicheka mpaka akakohoa. Jeuri gani hii ya kucheka malezi ya mtu? Kulwa akafanya alivyoamriwa, meno yamekazana.

Sasa kwenye skrini yalipita majina ya kurasa ambazo hakuna aliyeziandika. Sabiri. Kulwa. Mwanajuma. Seva ikayaitikia yote.

"Kaka Sabiri," Kulwa alinong'ona, "jina la mama yangu limefikaje humu?"

"Wateja hao. Acha."

Huko uani mtu akaita, "Sabiri." Ilikuwa sauti kavu, ya mwenye kiu.

"Naam," Sabiri akajibu kwa mazoea, kabla Kulwa hajamziba mdomo.

Harufu ikakaba chumba, na nyuma ya ukuta zikasikika nyayo za watu wengi waliolemewa mizigo, zikiburuzika taratibu kuizunguka nyumba, huku Sabiri akifungua kinywa na kukifumba na tena kukifungua bila kutoa hata mnong'ono, mpaka sauti yake mwenyewe, ile ya majigambo, ikatoka uani ikiita, "Kulwa."

Hakuitika. Hasira zilimzidi kuliko hofu. Akaifuta ile amri ya Sabiri, na seva ikaanza tena kujibu haupo, haupo. Harufu ikakatika. Nyayo zikaelekea barabarani. Sabiri alilia bila sauti, na Kulwa hakumwonea huruma hata kidogo.

Baadaye simu ikaita. Alikuwa mama yake.

"Bosi wako yuko nje ananiita," Mwanajuma alisema, amefurahi kupata mgeni. "Nimeshamwitikia. Ngoja nimfungulie, nimpe ma..."

Maneno yakakatika. Simu haikukatika.

Kulwa alimtazama Sabiri, aliyekaa mbele yake ameshika koo. Aliita mama, mama, akasikia pumzi tu, na mkono wa mtu ukigongagonga simu kama anayeomba msaada.

Kisha kutoka uani ikaja sauti iliyombembeleza tangu utotoni, laini, haina haraka.

"Kulwa, mwanangu."

Aliuma mdomo mpaka damu ikatoka. Hakuwahi kutamani kuitika kiasi kile.