Unga Mweusi Ndani ya Tairi

Jua lilikuwa linazama, na fundi wa matairi alikuwa ananawa mikono ili afunge karakana. Watu walimwita Sekunde kwa haraka yake ya kazi, na jina hilo alilipenda kweli. Lakini tangu wamzike shemeji yake, wiki tatu nyuma, kila akiitwa hivyo alitamani ardhi ipasuke immeze.

Gari likaingia.

Halikuunguruma. Lilisimama tu pale penye jeki, taa zimezimwa, na harufu ya mpira ulioungua ikajaa karakana nzima.

"Tairi la nyuma, kushoto," dereva alinong'ona. Uso wake haukuonekana. "Liangalie."

Kwa nje halikuwa na shida. Lilikuwa moja ya yale matairi yenye kuta nene, yanayobeba gari hata upepo ukiisha, ili dereva ajikongoje mpaka kwa fundi. Kwa macho huwezi kujua kama lina upepo. Ndiyo maana ndani ya ringi hukaa kifaa cha kupima, kinachowasha taa mbele ya dereva na kulia tii... tii...

Alilifungua, akaliweka kwenye mashine, akaanza kubandua ukingo upande wa mbali na kifaa asije akakivunja. Kuta zile humtoa mtu jasho. Hizi zililegea kama kitambaa.

Ndani kulijaa unga mweusi.

Sekunde aliujua. Ni ukuta wenyewe uliosagika kwa kutembea bila upepo. Tairi likifika hapo halizibwi, hutupwa, likafungwa jipya. Hata fundi wa wiki moja anajua. Akaupangusa unga kwa kidole, na chini yake kukatokea kiraka, na kando ya kiraka herufi S kwa chaki ya njano.

Alama yake.

Siku shemeji alipomletea tairi hili, hakuwa na jipya, na shemeji alikuwa na safari. Kusema "sina, subiri kesho" kulimshinda, yeye Sekunde! Akaziba. Taa ya tahadhari ilipokataa kuzimika, akachomoa waya wake. "Nenda zako, shemeji, liko fiti." Na msibani, watu waliposema ajali ile marehemu aliisababisha mwenyewe kwa mwendo kasi, yeye alitikisa kichwa kukubaliana nao. Aibu gani hiyo!

"Waambie..." sauti ilinong'ona sikioni kwake. "Binti yangu anachekwa shuleni."

Akageuka.

Hapakuwa na gari wala tairi. Ulibaki unga tu mikononi, na sabuni haikuutoa, wala petroli. Akaenda hivyo hivyo mpaka kwa dada yake, mjane wa marehemu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Mbona umepauka hivyo?" Macho ya dada yakashuka mikononi. "Unga huo... Naufagia hapa mlangoni kila asubuhi tangu tumzike. Ni wa nini?"

Alikuwa amekuja kusema. Wallahi alikuwa amekuja kusema.

"Vumbi tu la karakana," akajibu.

Tii... tii...

Mlio ulitoka chumbani. Dada hakugeuka, kama vile hausikii. Tii... tii... tii... Sekunde akaziba masikio, mlio ukazidi.

"Dada, keti. Ni mimi."

Akaeleza yote, kiraka, waya, kichwa alichotikisa msibani. Alipomaliza, mlio nao ukakoma. Dada hakulia. Aliuliza jambo moja tu.

"Siku ile ya mazishi nilikushika mkono, nikakuomba radhi kwamba mume wangu alikuwa mzembe na gari ulilomtengenezea. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Dada akachukua ufagio. Akaanza kufagia unga uliodondoka miguuni pa Sekunde, taratibu, naye akarudi nyuma hatua moja, tena moja, mpaka akajikuta nje. Mlango ukafungwa.

Nyuma yake kulikuwa na harufu ya mpira ulioungua. Hakutaka kugeuka. Alisikia tu mlango wa gari ukifunguliwa, upande wa abiria, na ile sauti ikinong'ona, "Panda, shemeji. Bado hujawaambia wengine."