Pipa Lililookotwa Kati ya Waliozama

Mafuta yalikuwa yakichemka na mapovu yakipanda, lakini yalipomrukia mpishi mkononi aliyasikia baridi kama ulimi wa maiti. Akajipangusa, akaendelea kukaanga vitunguu. Mwezi mzima mabaharia walikuwa wamekula maharage bila tone la mafuta, naye hakuwa na moyo wa kuwanyima.

Pipa la mafuta hayo liliokotwa siku hiyohiyo. Meli yao ya mizigo ilipita kwenye mabaki ya meli iliyozamishwa na adui, na watu walikuwa majini wakiita. Amri ya vita ilikuwa moja: usisimame, maana meli iliyosimama hupigwa. Hawakusimama. Lakini serahangi, msimamizi wa mabaharia, aliinama na mti wenye ndoano, akavuta pipa lililopita ubavuni.

"Mpishi, leo umetukumbuka," walimtania wakilamba sahani. "Tukifika nchi kavu tutakutafutia mke."

Asubuhi waliamka wanateleza. Jasho lao lilikuwa shahamu ya njano, lenye harufu ya samaki aliyeozea ndani ya soksi. Lilijaa kwenye mikunjo ya shingo, likaganda masikioni. Aliyezidiwa alikuwa mdogo wake mpishi, mchochea tanuri. Koleo lilimponyoka mara tatu, kisha akaanguka juu ya makaa, akatapika maji ya chumvi, na ndani yake kucha nne za mtu mzima.

"Kaka," alinong'ona, "kuna mtu ananikwangua tumboni. Usiniache nife humu."

Fundi bomba, ambaye bibi yake alikuwa akipunga pepo, alipiga magoti. "Wewe uliyemo humo, unataka nini?"

Sauti iliyojibu ilitoka tumboni mwa kijana, imelowa. "Pipa ni nyumba yangu. Mgeni wangu alikuwa amelishika. Nani alimbandua?"

Wote wakamgeukia serahangi.

"Alikuwa wa kufa tu yule," alisema akitazama viatu vyake. "Vilibaki vidole vinne. Nikavigonga kwa ndoano."

"Rudisheni nilichokuwa nacho," ilisema sauti. "Chote."

Basi wakanywa maji ya bahari kwa vikombe, wakatia vidole kooni, wakainamia pipa mmoja baada ya mwingine, na kila kilichotoka kilikuwa cheupe na kizima kama hakijawahi kupikwa, kikajikusanya chenyewe kwenye mafuta yaliyobaki, kikapumua, mpaka mpishi akamkumbatia mdogo wake na kumkamua tumbo kama anayekamua nguo, na bonge la mwisho likaanguka likiwa na nywele.

Serahangi peke yake hakutapika. Alijaribu mpaka macho yakamvimba.

Walilitupa pipa baharini. Ngozi ya kijana ikakauka papo hapo, akaomba maji, akacheka.

Serahangi alishika ukingo wa sitaha ili avute pumzi. Mkono ukateleza. Akashika kamba, ikapita kiganjani kama mlenda. Fundi bomba alimdaka kwenye mkono, akabaki na shahamu tupu kati ya vidole.

Serahangi alianguka majini mchana kweupe. Aliibuka, akawaita kwa vyeo vyao, mmoja mmoja.

"Kaka, hatusimami?" aliuliza kijana.

Mpishi alimtazama nahodha kule juu. Nahodha alikuwa amewapa mgongo. Kengele ya kuongeza mwendo ikalia chini kwenye mitambo.

"Unaitwa kazini, mdogo wangu," alisema mpishi.

Kijana akashuka ngazi, akaokota koleo. Safari hii halikumponyoka.